Kusikiliza kwa utaratibu: ushike njia ya Kongzi, ya Mengzi au ya Xunzi?

Kongzi, mwanafalsafa wa China ya kale ambaye vitabu vingi humwita Confucius, aliyahesabu maisha yake hivi: akiwa na miaka 15 aliuelekeza moyo kwenye elimu, akiwa na 30 alisimama, akiwa na 40 hakuwa na mashaka tena, akiwa na 50 aliijua amri ya mbingu, na alipofika 60 ndipo sikio lake likalainika. Sitini! Mtu aliyezaliwa mwaka 551 KK, akafundisha maisha yake yote, akazunguka dola moja baada ya nyingine akitafuta mtawala wa kumsikiliza, aliona kwamba sikio lilichelewa kuiva kuliko akili.

Wengi wetu tunaokalishwa kusikiliza hatupewi miaka hiyo. Unaitwa tu. Labda wewe ndiye shangazi anayekimbiliwa na wanandoa wa ukoo mzima, au mwalimu wa malezi, au msimamizi wa zamu, au katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mtu anaketi mbele yako, macho yamemwiva, na huruma unayo. Unachokosa ni mpango. Dakika kumi hazijaisha, anayezungumza ni wewe, yeye anaitikia tu.

Wapo wanaodhani kwamba kuweka utaratibu katika kusikiliza ni kuua huruma. Wanafalsafa wa Kikonfusio waliamini kinyume. Neno lao kuu ni *ren*, nami nalitafsiri "utu" bila kusita, maana herufi yake imeundwa kwa alama ya mtu na alama ya mbili. Pembeni mwake kuna *li*: adabu na taratibu, nani akae wapi, nani aanze, nani asubiri. Kwao, utu usio na li ni nia njema isiyojua pa kukaa.

Lakini wakubwa wao watatu walitofautiana kuhusu asili ya huo utu. Kongzi hakulisemea sana suala hilo. Mengzi, katika karne ya 4 KK, alisema tunazaliwa na machipukizi yake. Xunzi, katika karne ya 3 KK, alisema maumbile yetu ni mabaya na wema ni kazi ya kujifunza. Ukiwasoma kwa jicho la msikilizaji, tofauti hiyo inazaa njia tatu za kukaa na mtu. Hakuna hata mmoja wao aliyeandika mwongozo wa kusikiliza. Mgawanyo huu ni wangu, nimeutoa katika maneno na visa vyao.

Vipimo

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale. Kikao kinafunguliwaje? Sikio linatafuta nini? Msikilizaji anarudisha nini? Anayefaidika ni nani, na ni wapi njia hiyo inaumiza? Sikuweka kipimo cha urahisi kwa sababu zote tatu ni ngumu, hasa wiki ya kwanza.

Kikao kinafunguliwaje

Katika Lunyu, kitabu cha mazungumzo ya Kongzi, sura ya 11, kuna kikao ambacho ningependa kila kiongozi wa kundi akisome. Wanafunzi wanne wameketi na mwalimu: Zilu, Zeng Xi, Ran You na Gongxi Hua. Kongzi anaanza kwa kuondoa woga: nimewazidi umri kidogo, lakini msilijali hilo. Kisha anawarudisha kwenye malalamiko yao wenyewe. Kila siku mnasema hakuna anayewatambua. Haya, mtu akiwatambua, mtafanya nini? Zilu anadakia wa kwanza. Ran You anaulizwa kwa jina, Gongxi Hua kwa jina. Zeng Xi yuko pembeni anapiga ala ya nyuzi, hasumbuliwi. Zamu yake ikifika anapunguza mapigo, anaiweka ala chini, anasimama, halafu anasita kwa kuwa lake si kama ya wenzake. Kongzi anamjibu: kuna ubaya gani? Kila mtu anasema la moyoni mwake tu. Ndipo Zeng Xi anasimulia habari ya kwenda mtoni Yi na vijana, kuoga, kupunga upepo na kurudi wakiimba, na mwalimu anashusha pumzi na kusema yuko pamoja naye.

Huo ndio mlango wa Kongzi: zamu, majina, na ulinzi kwa anayesita.

Mengzi hafungui kwa zamu. Anafungua kwa tendo dogo la msemaji mwenyewe. Alipokutana na Mfalme Xuan wa dola ya Qi, aliyejiona hana sifa za kuwatunza watu, hakuanza kumhubiria. Alimwambia: nimesikia kisa chako na ng'ombe, ni kweli? Nitakirudia kisa hicho chini, maana ndani yake kuna mengi.

Mlango wa Xunzi uko ndani ya msikilizaji, kabla mtu hajabisha hodi. Anaufananisha moyo na beseni la maji. Likae sawa bila kutikiswa, matope yatatua chini, na juu utaona hata nyusi zako. Upepo mdogo ukipita, yote yanachafuka. Kuuweka moyo "mtupu", anasema, ni kutoyaacha uliyokwisha kuyahifadhi yakaharibu yale unayokaribia kuyapokea. Mimi hulifanya hili kwa kalamu: kabla ya kikao naandika ninachokiamini tayari kuhusu wahusika, naikunja karatasi, naitia mfukoni. Dhana zangu hazifutiki kwa hilo, ila nazijua ziliko.

Sikio linatafuta nini

Kongzi anamtafuta mtu. Zilu alimuuliza: nikisikia jambo jema, nilitende papo hapo? Akajibiwa: baba yako na kaka yako wapo, utatendaje bila wao? Ran You akaja na swali lilelile, akajibiwa: litende papo hapo. Gongxi Hua, aliyesikia majibu yote mawili, akachanganyikiwa. Kongzi akamweleza kuwa Ran You hurudi nyuma, kwa hiyo alimsukuma. Zilu ana nguvu za watu wawili, kwa hiyo alimzuia. Maneno yalikuwa yaleyale, sikio likasikia watu wawili. Ndiyo maana anaonya pia kwamba kusema bila kuutazama uso wa mwenzako ni upofu.

Mengzi anatafuta moyo ulio chini ya maneno. Anajisifia kwamba anayajua maneno, na anayagawa yaliyopinda mafungu manne. Ya upande mmoja yanamwonyesha mtu kazibwa wapi. Yaliyopita kiasi yanaonyesha kazama wapi. Yaliyopotoka yanaonyesha kaiacha njia wapi. Na ya kukwepakwepa yanaonyesha kakwama wapi. Angalia uzuri wa mpangilio huo: mtu akitia chumvi, sikio la Mengzi halisemi "huyu mwongo". Linauliza amezama wapi hata akahitaji chumvi yote hiyo. Kwangu mimi hii ndiyo zana bora kuliko zote katika maandishi hayo ya kale, na inafanya kazi kwa mtoto wa darasa la tano kama inavyofanya kazi kwa mume wa miaka 50.

Xunzi anatafuta ukamilifu wa jambo. Kwake tatizo la binadamu ni kuzibwa na kona moja na kuikosa picha kubwa. Kwa hiyo sikio lake linauliza: kona gani haijasemwa, na nani hajaketi hapa?

Msikilizaji anarudisha nini

Kongzi anarudisha kidogo. Katika kikao kile cha wanne hakumkosoa mtu mbele ya wenzake. Alichotoa kwa Zilu ni tabasamu, na maelezo yake aliyatoa baadaye, Zeng Xi alipobaki nyuma na kuuliza. Mahali pengine anasema kwamba mtu wa kawaida akimjia na swali, yeye hana elimu ya kumpa. Huligonga swali kwa ncha zote mbili mpaka liishe.

Sasa ng'ombe wa Mfalme Xuan. Mfalme alikuwa ameketi barazani, akaona ng'ombe anapitishwa kwenda kuchinjwa ili damu yake itumike kuweka wakfu kengele mpya. Akasema: mwacheni, siwezi kuvumilia anavyotetemeka kama asiye na hatia anayepelekwa kufa. Je, ibada iachwe? Hapana, tumieni kondoo. Watu wakamwita bahili. Mengzi akamwambia: najua hukufanya kwa ubahili, hukuweza kuvumilia. Kisha akamgeuzia upande wa pili kwa upole: lakini usiwashangae watu, umebadili kikubwa kwa kidogo, na kama ulihurumia kutokuwa na hatia, ng'ombe na kondoo wana tofauti gani? Mfalme akacheka, akakiri hata yeye hajui moyo wake ulikuwa unafanya nini. Hapo Mengzi akampa ufunguo: ulimwona ng'ombe, hukumwona kondoo. Mfalme akafurahi, akasema: nilitenda mimi, nikarudi kuutafuta moyo wangu nisiupate, uliposema wewe, moyo wangu ukaguswa.

Waliosomea ushauri nasaha watautambua mwendo huu. Mmarekani Carl Rogers (1902–1987) alijulikana kwa kumrudishia msemaji hisia zake mpaka azione mwenyewe, na hakupenda jinsi wengine walivyoigeuza kazi hiyo kuwa kasuku wa kurudia maneno. Akiwa bado mwanafunzi, mwaka 1922, Rogers alifika Beijing kwa mkutano wa wanafunzi Wakristo. Sidai kwamba alimtoa Mengzi huko. Nasema tu kwamba Mengzi hakurudia maneno ya mfalme. Alirudisha kile ambacho mfalme alikuwa amekipoteza.

Xunzi anarudisha kipimo. Kusema bila kuulizwa, anasema, ni majivuno; kuulizwa moja ukajibu mawili ni kupayuka; muungwana ni kama mwangwi. Na pale uamuzi unapohitajika anautaka uje mwisho, kwa mpangilio huu: sema kwa moyo wa utu, sikiliza kwa moyo wa kujifunza, amua kwa moyo usiopendelea.

Nani anafaidika

Kwa Kongzi anafaidika kundi, na ndani ya kundi anafaidika zaidi mnyamavu. Gongxi Hua, aliyetaka kuwa msaidizi mdogo tu katika sherehe, asingesikika kamwe kwenye chumba cha akina Zilu kama jina lake lisingetajwa.

Kwa Mengzi anafaidika mtu mmoja, kwa kina. Anatoka akiwa na kitu chake mwenyewe mkononi, si ushauri wa kuazima.

Kwa Xunzi zinafaidika pande zinazogombana. Alisema li hukata kilicho kirefu na kuunga kilicho kifupi, hupunguza kilichozidi na kuongeza kilichopungua. Ukilitafsiri kwenye kikao, ni saa ya mkononi: msemaji hodari anakatwa, mwenye kigugumizi anaongezwa. Aliyeshindwa bado anakwenda nyumbani akijua alisikilizwa kwa kipimo kilekile. Mazoea ya kupatanisha kabla ya kushtakiana hayajafa huko yalikotoka. China ina Sheria ya Usuluhishi wa Watu iliyoanza kutumika Januari 1, 2011, yenye kamati za vijiji na mitaa, na wahusika hawatozwi ada.

Inaumiza wapi

Njia ya Kongzi inaumizwa na cheo. Kisome tena kile kikao. Zilu amesema anataka dola ya magari ya vita elfu moja, mwalimu ametabasamu. Anayefuata, Ran You, anataja nchi ya *li* (kipimo chao cha urefu) 60 au 70, na papo hapo anaipunguza: au 50 au 60. Gongxi Hua anaanza kwa kusema hadai kuwa anaweza. Wachambuzi wengi huuita huo unyenyekevu. Mimi naona pia wanafunzi waliosoma uso wa mkubwa wakajibana. Mzee akiguna mara moja barazani, watakaofuata watasema anachotaka kusikia.

Njia ya Mengzi inaumiza mahali ambapo yeye mwenyewe alipaonyesha. Binti mmoja wa ukoo wetu alinijia usiku, nikamsikiliza kwa saa mbili. Nilimrudishia maneno yake mpaka akalia na kupumua, nikamwahidi kwamba nitasimama naye. Wiki iliyofuata mumewe akaja, akaketi kwenye kiti kilekile. Hakuwa malaika, lakini nusu ya kisa sikuwa nimeisikia, na sikuwa tena na nafasi ya kuisikia, maana ahadi nilishaitoa. Binti nilimwona anatetemeka, mume sikumwona. Yeye ndiye kondoo niliyemchinja, na nyumba ile haikurudi kuwa ilivyokuwa. Tangu siku hiyo, kila mtu mmoja anaponieleza habari za watu wawili, najiuliza kondoo yuko wapi. Hatari nyingine ni kwamba Mengzi alikuwa na lake: alimsikiliza mfalme ili amwongoze kwenye utawala wa utu. Msikilizaji mwenye lake anaweza kumtia mtu maneno mdomoni na kuita hiyo huruma.

Njia ya Xunzi inaweza kukauka. Dakika tano zako, dakika tano zake, na mbele yako mtu anavunjika. Lakini tusimwonee. Kuhusu maombolezo aliandika kwamba umbo la ibada hukatwa kwa kupima hisia. Kwa hiyo ukimwona mtu anasimamia saa huku mwenzake analia, huyo amechukua kipimo cha Xunzi akamwacha Xunzi.

Uchague kwa hali iliyo mbele yako

Kama una kundi ambalo wawili wanasema na sita wananyamaza, iwe familia, darasa au wahudumu wa zamu moja, shika mlango wa Kongzi. Ukiwa wewe ndiye mwenye cheo, rekebisha kitu kimoja: wadogo waanze, na uso wako uutunze mpaka wa mwisho amalize.

Kama ni mtu mmoja ambaye hajui kilichompata, kijana aliyejifungia chumbani au mfanyakazi hodari aliyeanza kuchelewa ghafla, nenda na Mengzi. Usimuulize "una nini". Anza na tendo lake dogo ulilolishuhudia: juzi nilikuona unampa mdogo wako chakula chako. Kisha nyamaza. Ila usiahidi lolote kuhusu asiyekuwepo.

Kama ni mirathi, deni la kikundi, mpaka wa shamba au mgawanyo wa zamu, ukamwita Xunzi utakuwa salama zaidi. Kongzi mwenyewe alikiri kwamba katika kusikiliza kesi yeye ni kama watu wengine, na kwamba alichokitaka ni kesi zisiwepo. Zikiwepo, unahitaji zamu sawa, muda sawa, na uamuzi unaotolewa siku nyingine.

Kama anayesema ni mzazi wako, hakuna kati ya njia hizi inayokaa peke yake. Lunyu inaruhusu kumkumbusha mzazi kwa upole, na asipokubali uendelee kumheshimu bila kinyongo. Mimi huchukua mlango wa Kongzi na urudishaji wa Mengzi, na kipimo cha Xunzi nakielekeza kwangu mwenyewe, si kwa mama.

Kama umechoka, umekasirika au una upande tayari, usifungue kikao chochote. Beseni likitikiswa halionyeshi nyusi. Mwambie mwenzako aje kesho saa fulani, na hiyo saa uitimize.

Kama kuna kipigo au tishio la kipigo, weka njia zote tatu kando. Mtoe mtu mahali hapo kwanza, afike hospitali na polisi. Kusikilizana kwa pande mbili hakuanzi wakati mmoja wao anaogopa kurudi nyumbani.

Na kama ni mfiwa, au mtu yeyote ambaye hajataka bado kusema, kuna kisa kifupi mwishoni mwa sura ya 15 ya Lunyu. Mwanamuziki kipofu aitwaye Mian alikuja kumtembelea Kongzi. Walipofika kwenye ngazi, Kongzi alimwambia: hii ni ngazi. Walipofika kwenye mkeka: huu ni mkeka. Wote walipoketi, akamtajia waliopo mmoja mmoja: fulani yuko hapa, fulani yuko pale. Mgeni alipoondoka, mwanafunzi Zizhang aliuliza kama hiyo ndiyo namna ya kuzungumza na mwanamuziki. Kongzi akasema ndiyo, hiyo ndiyo namna ya kumsaidia. Basi ukifika msibani, kaa karibu naye na umwambie nani amefika, maji yako wapi, na wewe utakuwa wapi usiku.